Diski iliyoingia lakini haikufaa: uchambuzi wa kisa cha grinda

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana ninayoisimamia, asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Fundi mmoja alikuwa anakata mabomba ya chuma kwa grinda ndogo ya mkononi, diski ikapasuka. Kipande kimoja kilimpiga paja la kushoto, juu kidogo ya goti. Kingine kilipita na kukwama kwenye ubao wa plaiwudi uliokuwa umesimama nyuma yake. Tulikitoa kwa koleo. Alishonwa, akapumzika wiki sita, na leo anatembea bila shida. Kama kile kipande kingeingia zaidi upande wa ndani wa paja, penye mshipa mkubwa wa damu, habari ingekuwa nyingine kabisa.

Naandika kwa sababu maelezo tuliyojipa siku ile yalikuwa mepesi mno. Kabla hata damu haijafutwa sakafuni, karakana nzima ilikuwa imeshakubaliana: "Diski ilikuwa mbovu." Maneno hayo yanampendeza kila mtu, maana hayamgusi yeyote. Tatizo ni kwamba hayakuwa kweli, na ilinichukua siku mbili za kukaa na mashine ile mezani, pamoja na mwenyewe aliyeumia nilipomtembelea, kujua kilichotokea.

Tuanze na vitu vyenyewe. Grinda ilikuwa ya milimita 115, ile ndogo ambayo mafundi wengi huishika kila siku. Kibandiko chake kilikuwa kimepakwa grisi na vumbi. Nilipokifuta kwa kitambaa nikasoma: milimita 115, mizunguko 11,000 kwa dakika. Kwenye shafti bado kulikuwa na kitovu cha diski kimebanwa na nati, kipande cha duara chenye kingo zilizochongoka, karatasi ya lebo ikiwa bado imeshika upande mmoja. Nilipoigeuza kwenye mwanga nikaona namba tatu: 180, halafu 8,500, halafu 80. Yaani diski ya milimita 180, isiyozidi mizunguko 8,500 kwa dakika, kwa mwendo wa juu kabisa wa mita 80 kwa sekunde pembeni. Kwenye pete ya chuma ya katikati kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, kitu ambacho wengi hawajui kama kipo. Tarehe hiyo ilikuwa bado haijafika. Diski ilikuwa nzima na halali, ila haikuwa ya mashine ile.

Swali la kwanza ambalo kila mtu aliniuliza ni hili: iliingiaje? Iliingia kwa sababu tundu la katikati la diski ya milimita 115 na la diski ya 180 ni lilelile, milimita 22.23. Hata ya 230 ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mkono haupati onyo lolote. Unaiweka, inakaa sawasawa, nati inafunga, unaizungusha kwa kidole inazunguka bila kuyumba. Kila unachokigusa kinakwambia imefaa. Kitu pekee kinachokataa ni gadi, kile kifuniko cha chuma kinachokinga sehemu ya diski, maana diski kubwa haienei ndani yake. Na gadi haikuwepo.

Nitarudi kwenye gadi. Kwanza hesabu, kwa sababu hapa ndipo kisa chote kilipolala, na ni hesabu ambayo fundi yeyote anaweza kuifanya kwa simu yake.

Mashine inayozunguka mara 11,000 kwa dakika inazunguka mara 183 na kidogo kwa sekunde moja. Diski ya milimita 115 ina mzingo wa sentimita 36 hivi. Kila mzunguko, ukingo wake unasafiri hizo sentimita 36, kwa hiyo kwa sekunde unakwenda mita 66. Ukifunga ya milimita 180, mzingo unakuwa sentimita 56 na nusu, na mashine haijui kama umebadilisha: inaendelea kuzunguka vilevile. Ukingo sasa unakwenda mita 103 kwa sekunde na zaidi, sawa na kilomita 373 kwa saa. Diski iliandikwa isipite mita 80.

Mita 103 juu ya 80 inaweza kusikika kama kuzidisha kidogo tu. Lakini nguvu inayotaka kuichana diski kutoka katikati kwenda nje haikui sambamba na mwendo. Inakua kwa mraba wake. Mwendo ukizidi kwa asilimia 29, nguvu ya kuichana inazidi kwa asilimia 67. Diski ile haikuwa imezidiwa theluthi. Ilikuwa imebebeshwa mzigo wake pamoja na theluthi mbili ya mzigo mwingine juu yake.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapotudanganya. Kwa vitu vingi vya karakana, kikubwa ni imara zaidi: nondo nene, kamba nene, boliti nene. Mtu akishika diski pana anaona ameshika kitu cha nguvu. Kwenye grinda mambo yamepinduka. Angalia namba zinazoandikwa kwenye diski za aina hii: ya 115 huandikwa 13,300, ya 125 huandikwa 12,250, ya 180 huandikwa 8,500, ya 230 huandikwa 6,650. Kadiri inavyopanuka ndivyo inavyoruhusiwa kuzunguka polepole, kwa sababu zote, ukipiga hesabu, zinafika mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo. Namba ile ni ya diski, na namba ya mashine ni ya mashine, na kazi yetu ni kuziweka pamoja kabla ya kukaza nati. Namba ya diski lazima iwe sawa na ya mashine au iizidi. Ikiwa chini, diski inarudi rafuni.

Kuna tabia nyingine ndugu na hii ambayo naijua karakana nyingi: kuchukua diski ya mashine kubwa iliyolika hadi ikabaki ndogo, na kuimalizia kwenye grinda ndogo. Inaenea ndani ya gadi, kwa hiyo watu wanaiona salama. Watengenezaji wanakataza waziwazi. Diski ile ilitengenezwa kwa mwendo mdogo, na kulika hakubadilishi namba iliyoandikwa juu yake.

Sasa linakuja swali gumu zaidi, na ndilo lililowafanya mafundi wazee wasinikubalie mwanzoni. Kama diski ilikuwa imezidiwa kiasi hicho, mbona haikupasuka mara tu ilipowashwa? Aliifunga jana yake mchana, akakata mabomba kumi na moja, la kumi na mbili ndilo lililomwangusha. "Mkuu," mmoja aliniambia, "kitu kikikataa kinakataa siku ya kwanza."

Si kweli, na ni muhimu kuelewa kwa nini. Mtengenezaji huacha akiba ya nguvu juu ya mwendo anaoandika. Akiba hiyo si zawadi ya kutumia diski kwenye mashine isiyo yake. Imewekwa kwa ajili ya mikiki ya kazi: diski kugonga ukingo wa chuma, kubanwa, kupindishwa mkono ukitetereka. Yule fundi alikuwa ameila sehemu ya akiba hiyo kwa kuifunga tu. Tangu jana mchana alikuwa anafanya kazi na diski yenye akiba pungufu ya kupokea pigo. Mabomba kumi na moja yalipita kwa sababu hakuna pigo kubwa lililokuja. La kumi na mbili likaja.

Nilimwuliza akiwa amelala, mguu umeinuliwa juu ya mto. Alikumbuka vizuri. Bomba lilikuwa refu kuliko mengine, akaliweka juu ya vigoda viwili, kimoja huku na kimoja kule, akaanza kukata katikati kutokea juu. "Sauti ikawa nzito," alisema. "Nikaona imebana, nikaitikisa kidogo itoke."

Maneno hayo machache yana mambo mawili. Bomba lililoshikiliwa kwenye ncha zake likikatwa katikati linaanza kulegea kwa uzito wake lenyewe. Linapolegea, upande wa chini unafunguka na upande wa juu unajifunga, na upande wa juu ndiko diski iliko. Mfano wa karibu ni kukata ubao kwa msumeno juu ya viti viwili. Kila aliyejaribu anajua msumeno unavyonaswa. Kwa msumeno unakasirika tu. Kwa diski nyembamba inayozunguka mara 183 kwa sekunde, chuma kinaibana mashavuni na yenyewe haina pa kwenda. Alitakiwa aweke vigoda karibu na mstari wa kukata, pande zote mbili, bomba lisilegee. Au kama anakata kipande kifupi, abane sehemu ndefu kwenye jiliwa na kipande kining'inie, ili kadiri kinavyokatika ufa ufunguke wenyewe.

La pili ni kule kutikisa. Diski ya kukatia imetengenezwa ibebe nguvu kwenye ukingo wake tu, ile inayokwenda moja kwa moja ndani ya chuma. Nguvu ya ubavuni haiiwezi, hata ikiwa mpya, hata ikiwa kwenye mashine yake. Ndani yake kuna wavu wa nyuzi za faiba unaoipa diski uimara, na wavu huo ukipindishwa unachanika. Ikibana, unaachia swichi, unasubiri isimame kabisa ikiwa palepale ndani ya ufa, ndipo unaitoa. Yeye aliitikisa ikiwa inazunguka. Kwa diski yenye akiba yake yote labda ingevumilia. Hii haikuwa nayo.

Na alikuwa amesimama nyuma ya diski sawasawa, kwenye mstari wake. Vipande vya diski havitawanyiki kila upande kama vya gilasi. Vinaruka kwenye bapa la diski lenyewe, kama maji yanavyoruka kutoka kwenye gurudumu. Ukisimama hatua moja pembeni, vinapita. Hilo nalo hakuna aliyemfundisha, na aliyepaswa kumfundisha ni mimi.

Sasa gadi. Kazi yake ni kukaa kati ya diski na mwili, kupokea cheche na, siku ya siku, vipande. Ingekuwepo, kwanza diski ile isingefungika. Gadi ndiyo kipimo pekee kwenye mashine kinachoweza kumkataza mtu bila yeye kusoma chochote, na sisi tulikuwa tumekitoa. Nani? Nilianza kuuliza nikidhani ni yeye, siku ile. Haikuwa hivyo. Gadi ilikuwa imetolewa wiki tatu kabla na fundi mwingine, aliyekuwa analainisha welding kwenye kona ya ndani ya fremu, mahali ambapo gadi ilikuwa inagonga. Aliitoa kwa nia njema kabisa, akamaliza kona yake, akairudisha mashine rafuni. Gadi tuliikuta kwenye droo ya boliti, skrubu yake ya kubania ikiwa bado imo. Kuirudisha kulichukua chini ya dakika moja.

Wiki tatu. Kwa wiki tatu mashine ile ilipita mikononi mwa watu wasiopungua watano. Mimi mwenyewe niliiona mezani bila gadi, nakumbuka kabisa, nikapita nikiwa na karatasi za mzigo mkononi. Siwezi kumlaumu kijana kwa kutokuuliza jambo ambalo msimamizi wake alilitazama akanyamaza.

Na kwa nini alichukua ya 180? Kwa sababu za 115 zilikuwa zimekwisha tangu jana asubuhi. Aliuliza stoo, akaambiwa zimeagizwa. Mabomba yanasubiriwa, diski kubwa zimejaa kwenye boksi, tundu linaingia. Nikijiweka mahali pake, mwenye umri wake na miezi yake minane ya kazi, sioni kwa nini nisingefanya vilevile.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo karibu ilete majeruhi wa pili. Alipopigwa aliidondosha grinda, nayo haikuzima. Ilianguka sakafuni ikaendelea kuzunguka na kile kitovu chenye kingo za msumeno, ikijivuta kwenye saruji na kuufuata waya wake. Mwenzake wa karibu akainama kuikamata. Fundi mzee aliyekuwa meza ya pili alipiga kelele, "Usiiguse! Chomoa kwanza!" na mwenyewe akakimbilia soketi akavuta plagi. Ndipo wakamshika majeruhi, wakakandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia hadi alipofika hospitali. Mzee yule alifanya kila kitu kwa mpangilio unaotakiwa, na sijui kama nimewahi kumshukuru vya kutosha.

Kwa nini haikuzima? Swichi yake ni ya kusukuma mbele na kuishikilia; ukiiachia, springi inatakiwa iirudishe nyuma mashine izime. Niliifungua mbele ya mafundi wote. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu, mchanganyiko wa chuma na chembe za diski, umeshindiliwa kwenye njia ya kitelezi hadi springi haikuwa na nguvu ya kukirudisha. Nilipokisukuma na kukiachia kilirudi nusu, kikabaki kimening'inia kati ya kuzima na kuwaka. Nikauliza kama kuna anayejua habari hii. Kimya kidogo, halafu mmoja akasema, "Hiyo lazima uisaidie kwa kidole gumba, mkuu. Inazima vizuri tu ukiisaidia."

Inazima ukiisaidia. Mtu aliyepigwa pajani hana kidole gumba cha kusaidia swichi.

Unga ule una ubaya mwingine usioonekana. Grinda hizi zina alama ya mraba ndani ya mraba: maana yake zina kinga mbili za umeme, hazihitaji waya wa ethi, na plagi zake hazina kazi nao. Watu huona hilo kama ruhusa ya kutokujali. Lakini kinga hiyo inategemea plastiki na hewa iliyo kati ya sehemu zenye umeme na chuma cha nje, na unga wa chuma unaovutwa na feni ya mashine unaweza kujenga daraja humohumo ndani. Kwa hiyo kuipuliza kwa hewa kavu kupitia matundu yake, plagi ikiwa nje na miwani ikiwa usoni, ni sehemu ya kinga ya umeme sawa na waya mzima. Ya kwetu haikuwa imepulizwa kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka. Kaboni zake, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, nazo zilikuwa zimelika karibu zimalizike, moja fupi kuliko mwenziwe. Na waya, pale unapoingia kwenye mpini, ulikuwa umefungwa kwa tepu mahali ganda lilipopasuka. Tepu inafunika jeraha lakini haishiki mvuto, na pale ndipo waya unapokunjwa kila dakika.

Gadi, diski, swichi, unga, waya: nilipoviandika vyote kwenye karatasi moja niliona kwamba hakuna hata kimoja kilichoizuia mashine kufanya kazi. Ndiyo maana viliendelea kuwepo. Kipimo chetu kilikuwa kimoja, inawaka au haiwaki, na kwa kipimo hicho mashine ile ilikuwa nzima hadi sekunde ilipompasua mtu.

Tulichobadilisha si kingi. Diski sasa zinakaa kwenye misumari karibu na mashine zake, kwa ukubwa, na zile za 180 zimehamishiwa upande wa mashine kubwa, ng'ambo ya karakana, ili mtu asizikute mkononi anapokosa ndogo. Stoo wanaagiza za 115 boksi la mwisho linapofunguliwa, si linapokwisha. Anayechukua grinda asubuhi anaiwasha na kuizima mara mbili kabla hajafunga diski: swichi isiporudi yenyewe, mashine inafungwa lebo nyekundu na haitoki mezani kwangu. Diski mpya ikishafungwa inazungushwa bila kazi kwa dakika moja, ikielekezwa ukutani, mtu amesimama pembeni. Swichi ya grinda ile tuliibadilisha, waya pia, kwa kuukata pale palipopasuka na kuufunga upya ndani ya mpini, kaboni zote mbili kwa pamoja.

Tuliruhusu pia kitu ambacho baadhi waliona ni kupoteza muda: fundi asiye na diski sahihi ana haki ya kusimamisha kazi na kuja kunieleza, na hesabu ya kuchelewa ni yangu.

Ilibaki ile kona ya fremu, maana hiyo ndiyo iliyoanzisha yote na welding za kona hazijaisha. Gadi za grinda zetu zinageuka. Ukilegeza kibano unaizungusha hadi upande ulio wazi uelekee kona, na kona nyingi zinafikika hivyo. Zilizobaki, zile nyembamba kabisa, tumerudi kwenye tupa ya mkono. Yule fundi aliyeitoa gadi ndiye anayezifanya sasa. Kona moja inamchukua kama robo saa.